Mwenye Ufunguo Ndiye Mwenye Nyumba

Tarehe 13 Oktoba mwaka 2023 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikamilisha ununuzi wa Activision Blizzard, kampuni inayotengeneza michezo ya video, kwa thamani iliyotangazwa ya dola bilioni 68.7. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na ununuzi mkubwa kuliko huo katika biashara ya michezo ya video. Fedha hizo hazikununua reli, wala bandari, wala machimbo ya shaba. Zilinunua haki juu ya michezo, na mmoja ulio mashuhuri sana kati ya michezo hiyo ni Call of Duty, mchezo wa vita ambao mchezaji huketi mbele ya televisheni akamwongoza askari wa kwenye kioo. Bila shaka hata katika makambi ya nchi za Afrika Mashariki na Kati wako askari wa kweli ambao, wakiwa hawana zamu, wamewahi kuucheza.

Ununuzi huo ulipingwa mahakamani na serikali ya Marekani, ukazuiwa kwa muda na mamlaka ya ushindani wa biashara ya Uingereza, na ukachunguzwa na Tume ya Ulaya. Mtu anayeihesabu michezo hiyo kuwa mambo ya watoto atashangaa kuona serikali kubwa zikiamshana kwa ajili yake. Lakini ukweli ni kwamba ugomvi haukuwa juu ya mchezo. Ulikuwa juu ya lango, na juu ya nani atakayeshika ufunguo wa lango hilo. Jambo hilo askari na polisi, ambao kila siku husimama malangoni, wanaweza kulielewa upesi kuliko watu wengine.

Mashine ya michezo ya video, kwa jina jingine konsoli, ni kompyuta iliyofungwa. Inatofautiana na kompyuta ya ofisini kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba haikubali programu yoyote isiyoidhinishwa na kampuni iliyoitengeneza. Makampuni makubwa ya mashine hizo ni matatu: Sony na Nintendo za Japani, na Microsoft ya Marekani ambayo mashine yake huitwa Xbox. Mara nyingi mashine yenyewe huuzwa kwa faida ndogo au kwa hasara. Mwaka 2021, katika kesi kati ya makampuni ya Epic Games na Apple, ofisa mmoja wa Microsoft alitoa ushahidi kwamba kampuni yake haijapata kamwe faida kwa kuuza mashine za Xbox.

Faida hutoka mahali pengine. Kila mchezo unaouzwa katika duka la intaneti la mashine hiyo, hata kama umetungwa na kampuni nyingine kabisa, hutozwa ushuru ambao kwa kawaida hufikia asilimia 30 ya bei. Kwa hiyo mashine hizo zinafanya kazi kama kizuizi cha barabarani. Mwenye kizuizi halimi, hasafirishi, wala hauzi sokoni; lakini kila anayepita na mzigo wake humwachia sehemu.

Mpango huo haukuwako tangu mwanzo. Mwaka 1977 kampuni ya Atari ya Marekani ilipotoa mashine yake iliyoenea majumbani, yenyewe ndiyo iliyoitungia michezo. Watungaji wake walilipwa mshahara, na majina yao hayakuandikwa juu ya kazi zao. Mwaka 1979 baadhi yao waliondoka wakaanzisha kampuni yao wenyewe, wakaanza kuuza michezo inayochezeka katika mashine ile ile ya Atari. Atari iliwashitaki, lakini mwaka 1982 shauri hilo lilimalizika kwa mapatano, na ikawa desturi kwamba mtu wa nje anaweza kutunga mchezo kwa ajili ya mashine ya mwingine. Kampuni hiyo ya waasi iliitwa Activision. Ndiyo hiyo hiyo ambayo miaka 44 baadaye iliingia mikononi mwa Microsoft.

Lango lilipokuwa wazi kabisa, soko lilijaa michezo mibovu, wanunuzi wakachoka, na mwaka 1983 biashara hiyo ilianguka vibaya katika Marekani. Mapato yaliyokuwa yakihesabiwa kwa mabilioni ya dola yalishuka katika muda wa miaka miwili hadi kiasi cha dola milioni 100. Nintendo ilipoingia katika soko la Marekani mwaka 1985, ilikuja na dawa yake. Ndani ya mashine iliwekwa kifaa kidogo cha elektroniki kilichofanya kazi ya mlinzi wa zamu, na ndani ya kila kaseti ya mchezo kikawekwa kifaa cha pili chenye neno la siri. Kaseti isiyojibu sawasawa haikuruhusiwa. Watungaji wa nje walilazimika kuomba leseni, kuilipa Nintendo iwatengenezee kaseti, kutotoa zaidi ya michezo mitano kwa mwaka, na kutoupeleka mchezo huo katika mashine nyingine kwa muda wa miaka miwili. Ubora wa michezo ulipanda, na hilo lazima likubaliwe. Lakini tangu hapo mwenye mashine akawa ndiye mwenye kusema nani aingie, aingie na nini, na alipe kiasi gani.

Katika sharti lile la miaka miwili ndimo ilimozaliwa silaha ya pili ya biashara hiyo, yaani mchezo uliofungiwa katika mashine moja. Watu hawanunui mashine kwa sababu ya umbo lake; huinunua kwa sababu ya kile kinachopatikana humo na hakipatikani kwingine. Mfano ulio wazi ni mchezo uitwao Halo. Mwaka 1999 mchezo huo ulionyeshwa kwa mara ya kwanza na Steve Jobs katika mkutano wa watumiaji wa kompyuta za Apple. Mwaka uliofuata Microsoft, iliyokuwa ikijiandaa kutoa mashine yake ya kwanza, iliinunua kampuni ya Bungie iliyokuwa ikiutunga. Mwezi Novemba mwaka 2001 Xbox ilipoanza kuuzwa, Halo ndiyo iliyobeba bendera yake, na kijana wa Marekani aliyeutaka mchezo huo hakuwa na njia ila kununua mashine ya Microsoft. Sony nayo ilijijengea michezo yake, kama vile God of War, ili mwenye kuitaka aende PlayStation. Hivyo kila upande ukajenga boma lake, na mchezaji akatakiwa achague boma moja au agharimie yote mawili.

Silaha ya tatu ni ya miaka ya karibuni, nayo ni malipo ya kila mwezi. Mwezi Juni mwaka 2017 Microsoft ilianzisha mpango uitwao Game Pass. Kwa dola 9.99 kwa mwezi mchezaji alipewa ruhusa ya kucheza michezo zaidi ya 100, bila kuununua hata mmoja. Mwezi Januari mwaka 2018 kampuni hiyo ilitangaza kwamba michezo yake yenyewe itaingizwa katika mpango huo siku ile ile inapotoka. Mchezo mmoja mpya wakati huo uliuzwa kwa kiasi cha dola 60, kwa hiyo anayelipa kwa mwezi alijiona amepata neema. Naye hakudanganyika. Mtu mwenye kipato kidogo aliweza kujaribu michezo mingi ambayo kamwe asingeweza kuinunua, na baadhi ya watungaji wadogo walilipwa fedha taslimu kabla mchezo wao haujajulikana kama utapendwa au la.

Hata hivyo, lazima itazamwe ni nini kilichobadilika. Anayenunua mchezo katika diski anaweza kuuweka kabatini, akamwazima jirani, akamrithisha mwanawe au akauuza. Anayelipa kwa mwezi ni mpangaji. Siku asipolipa, mlango hufungwa. Na hata akilipa, mwenye nyumba anaweza kuhamisha samani usiku, kwa maana michezo huingizwa na kuondolewa katika mpango huo kila mara. Tena kodi ya nyumba haipangwi na mpangaji. Aina ya juu ya mpango huo wa Game Pass, iliyoanza mwaka 2019 kwa dola 14.99 kwa mwezi, ilipandishwa mwaka 2023, ikapandishwa tena mwaka 2024, na mwezi Oktoba mwaka 2025 ikafikishwa dola 29.99. Katika muda wa miaka sita kodi ikawa maradufu.

Mpango wa namna hiyo hauna uhai bila michezo mipya kila wakati, kama vile ghala la chakula lisivyo na maana bila nafaka. Hapo ndipo vita vya kununua vilipoanza. Mwezi Septemba mwaka 2020 Microsoft ilitangaza kununua ZeniMax, yenye kampuni ya utungaji ya Bethesda, kwa dola bilioni 7.5. Baadaye, mbele ya mahakama mwaka 2023, Phil Spencer, aliyekuwa kiongozi wa idara ya michezo ya Microsoft, alieleza kwamba kampuni yake ilipata habari kuwa mchezo wa Starfield, uliokuwa ukitungwa na Bethesda, huenda usiletwe katika Xbox. Na kwamba habari hizo zilichangia uamuzi wa kuinunua kampuni nzima. Starfield ulipotoka mwaka 2023, haukupelekwa PlayStation. Yaani anayeogopa kufungiwa nje alinunua nyumba nzima, akawafungia nje wengine.

Microsoft ilipotangaza mwezi Januari mwaka 2022 kwamba inainunua Activision, Sony ilipiga kelele. Hofu yake ilikuwa kwamba Call of Duty, unaochezwa na mamilioni ya wenye PlayStation, utafungwa ndani ya boma la adui. Mwezi Desemba mwaka huo Tume ya Biashara ya Marekani ilifungua mashitaka. Mwezi Aprili mwaka 2023 mamlaka ya Uingereza ilikataa ununuzi huo, si kwa sababu ya mashine, bali kwa sababu ya michezo inayochezwa kupitia intaneti bila mashine maalumu, ambayo iliona kuwa itatawaliwa na kampuni moja. Tume ya Ulaya iliukubali kwa masharti mwezi Mei. Mwezi Julai hakimu wa Marekani, Jacqueline Scott Corley, alikataa kuuzuia. Microsoft iliahidi kwa mkataba wa miaka kumi kwamba Call of Duty utaendelea kupatikana katika PlayStation, ikaipa kampuni ya Ufaransa iitwayo Ubisoft haki za kuirusha michezo ya Activision kwa intaneti, na Uingereza ikaridhika.

Katika kesi hiyo zilisemwa pande zote mbili hoja ambazo kila moja ilikuwa na ukweli ndani yake. Microsoft ilidai kwamba yenyewe ndiyo ya tatu katika mbio za mashine, nyuma ya Sony na Nintendo, na kwamba mshindwa ana haki ya kujiongezea nguvu. Jim Ryan, aliyekuwa mkuu wa shughuli za michezo za Sony, alidai kwamba mpango wa malipo ya mwezi wa Microsoft huharibu thamani ya michezo na kwamba watungaji hawaupendi. Lakini msikilizaji asisahau kwamba Sony nayo ina mpango wake wa malipo ya mwezi, uliopangwa upya katika madaraja matatu mwaka 2022, na kwamba kwa miaka mingi Sony yenyewe imekuwa bingwa wa kufungia michezo katika mashine yake. Wenye maboma wawili walikuwa wakishitakiana kwa kosa la kujenga boma.

Matokeo ya vita hivyo yanafundisha zaidi kuliko vita vyenyewe. Mwezi Januari mwaka 2024, miezi mitatu baada ya ununuzi kukamilika, Microsoft ilitangaza kuwaachisha kazi watu 1,900 katika idara yake ya michezo. Mwezi Mei mwaka huo ilitangaza kufunga kampuni za utungaji ilizozipata kwa kuinunua ZeniMax, mojawapo ikiwa Tango Gameworks ya Japani, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imetoa mchezo uliosifiwa sana wa Hi-Fi Rush. Baadaye kampuni hiyo iliokolewa na Krafton ya Korea ya Kusini. Na boma lenyewe halikudumu. Mwezi Februari mwaka 2024 Microsoft ilitangaza kwamba michezo yake minne, Hi-Fi Rush ukiwamo, itapelekwa katika mashine za washindani. Mwezi Oktoba mwaka 2025 ikatangazwa kwamba hata Halo, ile bendera ya mwaka 2001, utatengenezwa upya na kuuzwa pia kwa wenye PlayStation. Sababu yake haina siri. Gharama ya kutunga mchezo mkubwa imepanda hata ikawa vigumu kuirudisha kwa kuwauzia watu wa boma moja tu. Mabilioni yalitumika kujenga ukuta, kisha mwenye ukuta mwenyewe akatoboa mlango. Waliolipa gharama ni wafanyakazi waliopoteza ajira, na wachezaji walioongezewa kodi.

Mtu anaweza kusema kwamba basi dawa ni rahisi: asiyetaka kuwa mpangaji na anunue mchezo wake. Lakini hata neno kununua limeanza kupoteza maana yake. Kampuni ya Ubisoft, iliyotajwa hapo juu, iliuza tangu mwaka 2014 mchezo wa magari uitwao The Crew, ambao hauchezeki bila kuunganishwa na seva za kampuni hiyo. Tarehe 31 Machi mwaka 2024 seva hizo zilizimwa. Waliokuwa na diski mikononi, waliolipa bei kamili na kupewa stakabadhi, walibaki na kipande cha plastiki. Kutokana na tukio hilo raia wa nchi za Ulaya walianzisha ombi rasmi la kutaka sheria itungwe, na mwaka 2025 sahihi zake zilivuka milioni moja. Jimbo la California lilikuwa limekwisha kutunga sheria yake mwezi Septemba mwaka 2024, nayo inamkataza muuzaji wa bidhaa za intaneti kutumia neno kununua bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopewa ni leseni tu. Sheria hiyo haikumrudishia mteja mali yake. Ilichofanya ni kumlazimisha muuzaji aseme kweli.

Katika nchi za Afrika Mashariki na Kati mambo yana sura nyingine. Hapa mashine nyingi huchezwa katika vibanda vya mitaani, ambako vijana hulipa kwa mechi moja ya mpira, na diski hupita mkono hadi mkono mpaka zichubuke. Mchezo mmoja mkubwa wa siku hizi unaweza kuzidi gigabaiti 100, na mwenye kununua vifurushi vya data anajua hesabu hiyo ina maana gani. Hivyo yako mambo ambayo yameonekana kuwa mbali na watu wa hapa. Lakini mwezi Mei mwaka 2024 lango lilifungwa hata kwa waliokuwa wamekwisha kulipa.

Mchezo uliohusika uliitwa Helldivers 2, uliotungwa nchini Sweden na kuuzwa na Sony. Tarehe 3 Mei Sony ilitangaza kwamba kila anayeucheza kwenye kompyuta atalazimika kujiandikisha katika mtandao wa PlayStation. Mtandao huo haukuwa ukiandikisha wakazi wa nchi zote. Baada ya tangazo hilo mchezo uliondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170, zikiwamo karibu nchi zote za Afrika. Mtu aliyeununua kihalali miezi mitatu nyuma alijikuta akidaiwa hati ambayo ofisi inayoitoa haimtambui. Wachezaji wa nchi nyingi walipinga kwa sauti moja, na baada ya siku tatu tu Sony ililirudisha nyuma sharti hilo. Tukio hilo lilionyesha mambo mawili. Kwanza, kampuni kubwa husikia watu wakisema pamoja. Pili, katika madaftari ya makampuni hayo sehemu kubwa ya Afrika haikuwa hata imeandikwa.

Pengine wako wanaodhani kwamba yote haya ni ya wachezaji, na kwamba jeshi, lenye nidhamu na wataalamu wake, haliwezi kunaswa katika mtego wa namna hiyo. Historia inasema vingine, na jeshi lenyewe si la nchi maskini.

Mashine ya PlayStation 3 ilipotoka mwaka 2006, Sony iliruhusu mwenye nayo aiwekee mfumo mwingine wa kompyuta, akaitumia kwa kazi asizozipanga Sony. Watafiti wa Jeshi la Anga la Marekani, katika maabara iliyoko mji wa Rome, jimbo la New York, waliona fursa. Moyo wa mashine hiyo ulikuwa na nguvu kubwa ya kukokotoa, na bei yake ilikuwa ndogo kwa sababu, kama ilivyoelezwa, mashine hizi huuzwa kwa bei nafuu ili faida ije kwenye michezo. Jeshi halikuwa na haja ya michezo. Lilinunua PlayStation nyingi, na 1,760 kati yake ziliunganishwa pamoja kuwa kompyuta moja kubwa iliyopewa jina la Condor, iliyozinduliwa mwezi Desemba mwaka 2010 kwa kazi za kuchambua picha za rada na za setilaiti. Gharama yake ilikuwa kiasi cha dola milioni 2, ambayo ilielezwa kuwa ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kompyuta ya kawaida yenye uwezo kama huo.

Lakini kabla hata ya uzinduzi huo lango lilikuwa limekwisha kufungwa. Aina mpya ya PlayStation 3 iliyotoka mwaka 2009 haikuwa tena na ruhusa ya kuwekewa mfumo mwingine. Tarehe 1 Aprili mwaka 2010 Sony ilisambaza programu mpya iliyoifuta ruhusa hiyo hata katika mashine za zamani, ikitoa sababu za usalama. Mwenye mashine alipewa hiari mbili: akubali programu hiyo na kupoteza ruhusa, au aikatae na kupoteza huduma za mtandao. Mashine za Jeshi la Anga, kwa kuwa hazikuhitaji mtandao wa Sony, ziliendelea kufanya kazi. Lakini jeshi lilikiri kwamba itakuwa vigumu kupata nyingine mahali pa zitakazoharibika, kwa maana mashine mpya haikufaa. Raia waliofungua mashitaka Marekani walikaa mahakamani takriban miaka minane kabla ya kumaliza kwa mapatano ya fidia ndogo.

Hapo ndipo somo lilipo kwa mwenye kuvaa sare. Jeshi lenye fedha nyingi kuliko majeshi yote duniani lilinunua vifaa, likavilipia, likavifungia katika jengo lake lenyewe na kuviwekea ulinzi. Hata hivyo uamuzi juu ya mustakabali wa vifaa hivyo ulitolewa na kampuni ya biashara katika nchi nyingine, kwa sababu zake yenyewe, na bila nia yoyote ya uadui. Hakuna risasi iliyofyatuliwa. Hakuna aliyeruka ukuta. Ulinzi wa jengo haukusaidia kitu, kwa sababu ufunguo haukuwa ndani ya jengo.

Siku hizi vyombo vingi vya kazi ya ulinzi vinaelekea njia hiyo hiyo. Simu, redio za mawasiliano, kamera za barabarani, ndege ndogo zisizo na rubani na kompyuta za kuhifadhi kumbukumbu za polisi huja na programu zinazobadilishwa kutoka mbali, na mara nyingi huja na ada ya kila mwaka. Hata vifaa vya michezo vyenyewe vimeingia kazini: manowari ya Marekani iitwayo USS Colorado, iliyoanza kazi mwaka 2018, huongoza kamera za mlingoti wake kwa kishikio cha Xbox, kilichogharimu pungufu ya dola 30 badala ya kifaa cha zamani kilichogharimu kiasi cha dola 38,000. Akili ya namna hiyo ni ya kusifiwa. Si kila kitu kinachotoka kwa mfanyabiashara ni mtego, na bei nafuu si kosa. Kosa ni kuiangalia bei peke yake.

Kwa hiyo mwenye dhamana ya kununua vifaa, awe ofisa wa ugavi makao makuu au mkuu wa kituo kidogo cha polisi mpakani, anayo maswali machache ya kuuliza kabla ya kutia sahihi. Je, chombo hiki kitafanya kazi siku mtandao utakapokatika? Ada isipolipwa kwa wakati, ni nini kitakachozimika? Nani anayeweza kukibadilisha bila ruhusa ya mwenye kukitumia? Kikiharibika baada ya miaka mitano, cha badala kitapatikana wapi? Na ikiwa kampuni iliyokitengeneza itanunuliwa kesho na kampuni nyingine, kama Activision ilivyonunuliwa, mkataba utamfuata nani?

Maswali hayo si mageni kwa askari. Anayepokea zamu ya ghala la silaha haridhiki kuambiwa kwamba mlango ni mzito na kuta ni nene. Huhesabu silaha, huhesabu risasi, kisha huuliza funguo ziko ngapi na kila mmoja uko mkononi mwa nani. Ukikosekana mmoja, hasaini daftari.